Kioo cha Mama Lusia

Kwa Mama Lusia nimepika miaka mingi, na sitaki mtu aniambie nimseme vizuri eti kwa sababu nilikula ugali wake. Ugali niliusonga mwenyewe. Huyu mama alikuwa mkali, roho yake ngumu, na aliyoyapata aliyatafuta kwa mikono yake miwili. Nilikuwepo kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kwa hiyo nitasema kama nilivyoona.

Karasha lake lilikuwa nyuma ya nyumba, hapa hapa Nyarugusu. Kwa asiyejua mambo ya huku, karasha ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Mchimbaji analeta viroba vyake, anasagiwa, anaosha ule unga, anakamata dhahabu yake kwa zebaki na kwenda zake. Mchanga unaobaki tunauita marudio, na marudio hayaondoki na mchimbaji. Ni ya mwenye eneo uliposagia. Sheria hiyo haikuandikwa mahali, lakini sijaona aliyeivunja akabaki na meno yake yote. Mwenye karasha anayalundika, lundo likikua linapelekwa kwenye matangi ya dawa, na huko ndiko inakotoka dhahabu ya maana. Mchimbaji anapata ya kujisogeza, mwenye karasha anajenga ghorofa.

Mama Lusia alikuwa na maswali yake mawili, na hakuna aliyetoka getini bila kuyajibu. Alikuwa anakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mwalo, pale wanapooshea, kitenge kimefungwa vizuri, simu mapajani. Ukimaliza kuosha, anakutazama.

"Umeridhika?"

"Nimeridhika, mama."

"Umechukua chako?"

"Nimechukua."

Ukishasema nimechukua, mchanga si wako tena. Hata kama umedondosha jino lako la dhahabu humo, limeshahama.

Suzana alisema nimechukua. Mumewe Amosi alifukiwa na kifusi shimoni, na viroba alivyoleta vilikuwa vya mwisho alivyovitoa marehemu kwa mikono yake. Akasaga, akaosha, akapata kitu kidogo kama punje ya mtama. Akajibu maswali akaondoka. Jioni akarudi, macho yamevimba, akapiga magoti pale mbele ya kiti cha plastiki.

"Shikamoo, mayu, mama yangu."

"Marahaba. Umesahau nini?"

"Naomba ndoo moja tu ya ule mchanga wangu. Si kwa kutafuta dhahabu, mama. Ni kazi yake ya mwisho. Nataka nikaumwage kaburini kwake, basi."

Hata mimi niliyekuwa nachambua mchele barazani nilisimamisha mkono. Mama Lusia alimtazama yule mjane toka kichwani mpaka miguuni.

"Nilikuuliza umechukua chako, ukasema nini?"

"Nilisema nimechukua."

"Basi. Marudio ni ya mwenye karasha, na marehemu hana karasha. Inuka, unanichafulia sakafu."

Suzana akainuka. Njaa haina aibu, kwa hiyo wiki iliyofuata alirudi kuomba kibarua cha kupakia mchanga kwa karai, na Mama Lusia akampa. Alipenda kuwa na watu wa namna hiyo karibu, waliokwisha kuinama mara moja.

Sasa usidhani mwanamke huyu hakuwa na kidonda. Alikuwa nacho, tena kibichi. Mtoto wake mmoja tu, Lusia, alikufa kwa homa ya ghafla akiwa shule ya bweni. Aliondoka akiwa mzima, analalamikia kunyolewa nywele, akarudishwa ndani ya sanduku. Picha zake za karatasi zilikuwepo ukutani, lakini ukutani alikuwa amenuna, maana hakupenda kupigwa picha akiwa na sare. Lusia mwenyewe, yule anayecheka na kusema, alibaki sehemu moja tu, ndani ya kompyuta ya sebuleni.

Ilikuwa kompyuta ya zamani, ya yale mabapa ambayo mashine yote imejificha nyuma ya kioo, hakuna sanduku la pembeni. Juu ya kioo ilikuwa na kamera ndogo. Lusia likizo nzima alikaa mbele yake akijifanya mtangazaji wa taarifa ya habari. Alijifunga kilemba changu shingoni kama tai.

"Na sasa ni habari kutoka Nyarugusu," alikuwa anasema, kidevu juu. "Mpishi Justa amesema maharage bado hayajaiva. Wananchi wana njaa. Mama Lusia amekanusha kumpiga mtu kwa kandambili. Mama! Usipite nyuma yangu, niko hewani!"

Kila siku baada ya chakula cha mchana Mama Lusia alifunga mlango wa sebule, akawasha lile bapa. Lilichukua muda kuamka, linaguna kama ng'ombe mzee. Kisha tulisikia ile sauti. Nami jikoni niliacha kuosha vyombo mpaka taarifa ya habari iishe, kwa sababu ile sauti niliipenda, na kwa sababu sikutajwa kwingine kokote duniani zaidi ya mle.

Mumewe, Mzee Mwigulu, hakuipenda. Sijui kama ilimuuma sana au alichoka tu. Yeye muda mwingi alikuwa Runzewe kwa mke mdogo, Mama George, akija huku anakuja kukagua lundo. Na safari hiyo alipokagua, aliona lundo limepungua. Watu walikuwa wanapita uwani na kuchota marudio. Akaleta mafundi wakafunga kamera kila kona ya karasha, nyaya zikaingizwa mpaka sebuleni kwenye kisanduku kidogo cheusi. Kilichobaki ni kioo cha kutazamia.

"Nitanunua kipya Geita," Mwigulu akasema, anakula. "Kikubwa, chembamba, cha kutundika ukutani. Hili dude hapa nitaondoka nalo kwenda Runzewe. George anahitaji kompyuta ya kusomea."

Nilikuwa namwaga mchuzi kwenye bakuli. Mama Lusia aliweka kijiko chini.

"Kompyuta ya mwanangu haiendi kwa mwanamke yule."

"Si inakwenda kwa mtoto? George ni ndugu yake Lusia."

"George akae amenyoosha miguu, anatafuna karanga, anamtazama mwanangu? Mama yake acheke? Baba Lusia, bora ivunjwevunjwe kuliko iende Runzewe."

"Sasa itakaa hapa ifanye nini? Wewe unaongea nayo kila siku kama mtu aliyechanganyikiwa. Hata wachimbaji wanajua."

Hapo ndipo Mama Lusia alipopata akili yake. Alikuwa amesikia mahali, nadhani kwa yule aliyefunga kamera, kwamba bapa kama lile linaweza kugeuzwa likawa kioo kitupu, likaunganishwa na kamera, likafanya kazi kama jipya.

"Ununue kipya cha nini wakati kioo kipo?" akasema. Sauti ilishapata nguvu. "Hiki ni kizima, hakina hata mkwaruzo. Fundi atakitengeneza kiwe cha kamera. Hakitoki mezani pangu. Kwisha."

Mwigulu akapandisha mabega.

"Sawa. Umeamua mwenyewe."

Mama Lusia alifurahi sana siku ile. Aliniambia jikoni kwamba wanaume ni wa kuwekwa sawa mapema. Mashine za ndani hakuzijua, na hakuwa na sababu ya kuzijua. Kwake Lusia alikuwa kwenye kioo. Alimwona pale, alimfuta vumbi pale usoni kwa kitambaa cha pamba, kwa hiyo kioo kikibaki, mtoto amebaki. Ukimwambia leo mtu kwamba picha hazikai pale zinapoonekana atakuelewa, lakini siku ile hakuna aliyesema. Hata mimi nilijua hivyo hivyo.

Fundi aliitwa Boaz. Alikuwa mchimbaji miaka ya nyuma, mgongo ukamshinda, akajifunza kufungua simu na redio, baadaye kompyuta. Kibanda chake kilikuwa upande wa stendi. Alikuja mpaka getini, amevaa kandambili, miguu ina tope jekundu mpaka kwenye vifundo.

"Shikamoo, mama. Naweza kuifanyia hapa hapa sebuleni kwako," akasema. "Nina vifaa vyangu vyote kwenye begi. Tusiibebe, inaweza kugongwa."

Mama Lusia aliitazama ile miguu, kisha akalitazama zulia lake.

"Nyumbani kwangu haingii mtu mwenye matope. Utaifanyia kwako."

"Kwangu?"

"Kwako. Huna kwako?"

Boaz akacheka kidogo. "Ninapo, mama. Basi ileteni."

Tulilibeba mimi na Mama Lusia, tumelifunga kwenye shuka kama mgonjwa. Alinikaripia njia nzima. Kibandani kwa Boaz aliliweka mezani, akalipapasa juu, akaondoka bila kuaga.

Tuliporudi kulichukua, Boaz alikuwa ameshalifunga. Alilichomeka kwenye kamera yake ndogo ya majaribio, na sisi wawili tukajiona kwenye kioo tumesimama kibandani, Mama Lusia na kitenge chake, mimi na kanga yangu iliyopauka. Picha ilikuwa safi kabisa.

"Sauti sikuiunga," Boaz akasema. "Kamera zenu hazina sauti, kwa hiyo haina kazi."

"Sauti ya nini kwenye kamera," Mama Lusia akasema. "Kinachotakiwa ni kuona wezi."

Chini ya meza palikuwa na kiroba, na ndani yake vibao vya kijani, feni ndogo, nyaya na vipande vya chuma kutoka kwenye makompyuta ya watu mbalimbali. Mama Lusia alikisogeza kwa mguu kisimchafue. Boaz akajifuta mikono, akatabasamu, akamwambia kwa utani, kwa sauti ile ile ya mama akiwa kwenye kiti cha plastiki:

"Umeridhika, mama?"

Mama Lusia alicheka. Sijui mara ya mwisho nilimwona lini akicheka namna ile, meno yote nje. Aliona anaheshimiwa.

"Nimeridhika."

"Umechukua chako?"

Akapiga kioo mgongoni kwa kiganja. "Nimechukua."

Tukarudi nyumbani. Jioni kamera zikawashwa, na kwenye kioo cha Lusia likatokea lundo la marudio, geti, mashine, mwalo. Mama Lusia alivuta kiti akatazama mpaka chakula kikapoa. Alisema hata kipya cha Geita kisingeonyesha vile.

Asubuhi yake Boaz alikuja karashani na kiroba. Nilikuwa napeleka chai, ndiyo maana nilisikia. Mama Lusia alichungulia ndani ya kile kiroba kwa kidole kimoja.

"Ni mawe ya wapi haya?"

"Si mawe, mama. Ni bodi za kompyuta. Nimezipondaponda kwa nyundo. Wajuzi wanasema zina dhahabu, nikaona nijaribu kuzichanganya na mawe kidogo nione."

Mama Lusia aliwaita wengine waje wacheke. Watu wakaja, wakacheka. Mchimba dhahabu anayesaga redio! Lakini mteja ni mteja, akaamuru mashine iwashwe. Vyuma vikazunguka, vile vibao vikasagika pamoja na mawe mpaka unga wenye rangi ya majani mabichi ukatoka. Boaz akaosha, akakamata kitu ambacho hata kuku asingekidonoa. Wakacheka tena.

"Umeridhika?" Mama Lusia akamwuliza, bado anafuta machozi ya kicheko.

"Nitafanyaje. Nimeridhika."

"Umechukua chako?"

"Nimechukua, mama."

Vibarua wakauzoa ule mchanga wakaumwaga juu ya lundo. Suzana alikuwa mmoja wao.

Mchana Mama Lusia alikula, akanawa, akafunga mlango wa sebule kama kawaida. Mimi jikoni nikaacha vyombo, nikangoja. Niliposikia kimya nikadhani bapa linachelewa kuamka. Kimya kikaendelea. Kisha akaniita, lakini si kwa ile sauti yake ya kuita.

"Justa. Njoo unionyeshe mahali pa kuwashia."

Kioo kilikuwa kinawaka tayari. Kilionyesha lundo. Alikuwa amebonyeza kila kitufe, amechomoa waya wa kamera, na ulipochomoka kilionyesha weusi na maandishi kidogo ya kizungu. Ameurudisha, lundo limerudi.

"Hapa palikuwa na picha yake ndogo," akasema, anagusa kona ya kioo kwa kidole. "Nilikuwa naibonyeza hapa. Hapa hapa. Amekwenda wapi?"

Nilibonyeza mimi pia, bure. Alitoka bila viatu, mama yule asiyekanyaga tope, akapita katikati ya stendi na mimi nyuma yake. Boaz alikuwa anafungua simu ya mtu.

"Mwanangu yuko wapi?"

Boaz aliinua uso. Ilibidi nimwelezee mimi, maana Mama Lusia alikuwa anarudia swali hilo hilo. Boaz akaelewa taratibu, na alivyokuwa anaelewa akaweka bisibisi chini.

"Hizo zinakaa kwenye diski, mama. Ndani. Nikigeuza kuwa kioo natoa mashine yote na diski, naweka kibao kidogo cha kuendesha kioo tu."

"Nipe hiyo diski."

"Ilikuwa kwenye kiroba cha asubuhi."

Hakuelewa. Au alielewa akakataa.

"Ulichukua kitu changu bila kuniuliza! Mwizi wewe!"

"Nilikuuliza." Boaz hakupandisha sauti. "Nilikuuliza umeridhika, nikakuuliza umechukua chako. Ukasema nimechukua. Justa si alikuwepo? Ulisagia kwangu, mama, kilichobaki ni marudio. Ungeniruhusu nifanyie kazi sebuleni kwako, kila kipande kingekuwa chako, hata skrubu. Wewe ndiye uliyetufundisha hivyo."

Walikuwepo watu, kibandani hapakosi watu. Mmoja akaguna, mwingine akageuza uso ili acheke vizuri. Boaz hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa hapa.

"Na sasa?" Mama Lusia akasema.

"Sasa nimesagia kwako," Boaz akamjibu. "Ni marudio yako. Yako pale kwenye lundo."

Alimpigia simu mumewe palepale njiani, akilia, watu wanamtazama. Simu za siku hizi zina sauti kubwa, nilisikia kila neno.

"Nilisema nitanunua kipya," Mwigulu akamwambia. "Sikusema? Saa hizi hilo dude lingekuwa hapa mezani, George anacheza, na mtoto wako anatangaza habari zake. Ulisema bora ivunjwevunjwe. Haya, imevunjwa." Kisha, kabla hajakata, akasema kama mtu anayekumbuka chumvi: "Na lori la matangini nimelituma leo. Wape lundo lote, kabla wezi hawajalimaliza."

Hapo Mama Lusia akakimbia. Mwili ule mnene, sikujua kama una mbio. Mimi niliingia kwa mlango wa jikoni, kwa sababu maharage yalikuwa motoni, na nilipopita sebuleni nikasimama mbele ya kioo.

Lori lilikuwa limeshaingia. Wanawake walikuwa kwenye mstari, makarai kichwani, wanapanda ubao na kumwaga. Mama Lusia akaingia upande wa kushoto wa kioo, akapanda lundo kwa mikono na miguu, akapiga magoti juu yake na kuanza kufukua. Anachota, anatawanya kiganjani, anasogeza karibu na macho, anatafuta ile rangi ya kijani. Akiipata anaifumbata, akishaifumbata inapenya katikati ya vidole. Wanawake walisimama kumtazama. Hapo mahali alipokuwa amepiga magoti kwenye kioo ndipo alipokuwa anakaa Lusia na kilemba changu shingoni.

Nilicheka. Nasema wazi, nilicheka, kwa sababu nilimwona Suzana amepiga magoti vile vile mbele ya kile kiti. Kicheko kikanikatikia katikati. Nilikumbuka kwamba maharage yangu ya kwenye taarifa ya Lusia nayo yamo mle mchangani, yasiyoiva, na kwamba hakuna mtu atakayenitaja tena hewani. Ilinichoma vibaya, na sikumsamehe yule mama kwa hilo pia.

Suzana alitoka kwenye mstari. Akashusha karai lake, akalitua chini taratibu, akapanda lundo mpaka karibu na Mama Lusia na kumwinamia. Nilidhani anamshika mkono amwinue. Hakumgusa. Midomo yake ikacheza mara moja, akangoja. Ikacheza mara ya pili. Kile kioo hakikuwa na sauti, lakini maswali yale mawili nilikuwa nimeyasikia miaka yote.

Mama Lusia aliinua uso. Kisha akaitikia kwa kichwa, akafungua ngumi, na mchanga ukamwagika. Suzana akafuata karai lake, akalijaza pale pale mbele ya magoti ya Mama Lusia, akalipandisha kwenye lori.